Huyu Hatoki

Mwalimu wa timu aligonga kioo cha kompyuta yangu kwa ukucha, juu kabisa ya uso wa binti wa watu, akasema, "Huyu hatoki. Weka mwingine."

Nikadhani sikusikia vizuri, maana mvua ilikuwa inapiga bati la ukumbi kisawasawa. "Hatoki vipi?"

"Hatoki, mama. Si unaona mwenyewe? Meno na jezi. Uso hakuna."

Hatoki! Doa la mafuta kwenye kitenge ndilo huwa halitoki. Gari lililozama kwenye tope la njia ya Kibosho ndilo halitoki. Huyu ni mtu, tena nahodha wa timu yenyewe, anayeruka pale wavuni mpaka watazamaji wanapanda juu ya mabenchi. Nilikasirika hadi masikio yakawa ya moto. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa picha ile niliyomletea, mwalimu alikuwa haongopi. Kweli palikuwa na meno, jezi ya njano, na katikati yake kiza.

Mimi ni mpigapicha. Nina chumba changu cha kazi mjini Moshi, si mbali na hospitali ya Mawenzi. Siku za wiki napiga picha za pasipoti, Jumamosi nafuatwa kwa harusi, kipaimara na mazishi. Michezo sikuwahi kuifikiria. Niliingia huko kwa sababu ya binti huyo huyo asiyetoka. Nyumba yao na yangu kule Shirimatunda zimetenganishwa na ua wa michongoma tu. Baba yake ni mtu wa Kigoma, anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini, na mama yake ndiye ninayemkimbilia chumvi ikiniishia. Binti ananiita shangazi. Alipochaguliwa nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa wavu alikuja mlangoni, akaniamkia, akasema, "Shangazi, tunafanyia mazoezi Kibosho. Uje utupige." Nikaenda.

Wangekuwa wanacheza nje, yote haya yasingetokea. Lakini masika yakishaanza huko juu kiwanja kinageuka bwawa, kwa hiyo timu ikaombewa ukumbi wa parokia. Ukumbi mzuri kwa kwaya na kwa kula pilau. Kwa kamera ni pango. Madirisha ni madogo, na nje yake migomba imesimama imeshikana mabega. Kwenye dari kuna taa za mirija, nyingine zimekufa, nyingine zinapepesa macho. Ukuta wa nyuma wazee wa parokia waliupaka chokaa nyeupe kabisa, wakaona wamemaliza.

Nieleze kidogo, maana nyumbani wananiambia napenda kulalamika bila kufafanua. Kamera ni dirisha. Ukitaka mwanga mwingi uingie, ama ulifungue pana, ama uliache wazi muda mrefu. Lenzi yangu ya harusi ilikuwa na kidirisha chembamba, nikishakifungua mwisho ndiyo basi. Nikikiacha wazi muda mrefu, mkono wa binti unaopiga mpira unageuka moshi. Nikiilazimisha kamera ione kwa nguvu, yaani nikipandisha ISO, picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani antena ikianguka. Nikiwasha flashi mwamuzi anapuliza filimbi na kunielekezea kidole mbele ya ukumbi mzima: "Wewe mama! Unawapofusha wachezaji!" Haki yake kabisa. Mpira wa kasi vile ukimjia mtu usoni wakati haoni, nani atamlipa pua?

Halafu kuna ile chokaa. Kamera ikiona ukuta mweupe inadhani mwanga umejaa tele, basi inajibana. Inauokoa ukuta, inamzamisha binti. Wasichana wa maji ya kunde walikuwa wanaponea chupuchupu. Yeye, ambaye ngozi yake ni nyeusi ile nyeusi iliyokolea, alikuwa anazama mzima. Nilijaribu kuizuia kamera isijibane, uso ukaanza kuonekana, lakini hapo hapo mkono na mpira vikawa moshi tena. Nikawa najiuliza, jamani, waliotengeneza mashine hii walikuwa wamemsimamisha nani mbele yake wakati wanaipima? Ukuta?

Sasa mwalimu alikuwa anataka picha ya bango la timu, la kutundikwa njia panda kabla ya mashindano.

"Nipe siku chache nirudi na nyingine," nikamwambia.

"Mchapaji ananisubiri. Basi mng'arishe kidogo kwa kompyuta."

"Simng'arishi mtu, mwalimu. Mimi sio duka la mkorogo."

Akacheka, akadhani namtania. "Hawa wa kwenye miwa, aisee, jua la kule chini limewamaliza," akasema. Kisha akachagua msichana wa akiba, mweupe mweupe, ambaye mpira anaugusa timu ikiwa imeshashinda. "Huyu anatoka vizuri." Ndivyo bango lilivyochapwa, timu bila nahodha wake, nahodha mwenyewe akiwa mzima wa afya.

Liliponing'inizwa, binti alipita pale na mama yake wakitoka sokoni. Mazoezi yaliyofuata hakuonekana. Mwalimu akanipigia simu mimi, eti nimuulizie jirani yangu amepatwa na nini. Amepatwa na nini! Nikakata simu bila kuaga.

Nilivuka ua nikamkuta anafua jezi ile ya njano, anaifua kama mtu anayetaka kuirudisha kwa wenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mazoezini huendi kwa nini?"

"Basi tu."

"Basi tu ndiyo nini?"

Akakamua jezi. "Mimi sitoki, shangazi. Tangu shule ya msingi sitoki. Picha ya darasa waliniambia nikae pembeni nisiharibu. Usipoteze chaji yako kwangu. Na huko kwenyewe sirudi, wacheze na yule anayetoka."

Mama yake alikuwa anatusikiliza kutoka mlangoni. Akaniita ndani, akanionyesha ukutani. Palikuwa na picha mbili. Moja ya ubatizo, imepigwa ndani ya kanisa, shela jeupe na ndani yake kivuli. Nyingine ya kipaimara, na hii ilipita studio fulani wakamng'arisha kwa nguvu zao zote, mpaka binti akawa na rangi ya chai ya maziwa na pua nyembamba ambayo sijui waliitoa wapi.

"Wageni wanaisifia hiyo," mama akasema. "Mimi nikiitazama simjui. Wanasema ni mwanangu, nakubali, lakini simjui. Jirani, mimi picha ya mwanangu sina."

Nilitoka mle nikiwa nimeshaamua kwamba kamera yangu inabadilishwa, hata kama ni kwa kuuza kitanda. Binti alikuwa bado uani.

"Sikiliza," nikamwambia. "Napata kamera nyingine. Uje mechi moja tu. Usipotoka, naiuza, na mimi narudi kwenye pasipoti zangu nakaa kimya."

"Utaiuza kweli?"

"Naiuza. Na hili ua naling'oa tuwe tunatazamana aibu."

Akacheka kidogo, basi nikajua atakuja.

Ikabaki kamera yenyewe. Na hapa ndipo nilipogundua kwamba Moshi nzima ni mafundi wa kamera. Wa kwanza alikuwa kaka yangu. Yeye ni muongoza watalii mlimani, na kwa hiyo anaamini kila kitu kizuri duniani kinashuka na mzungu kutoka kileleni. Akaja kwangu amebeba lenzi ya mtalii aliyekuwa anaiuza kabla ya kupanda ndege. Lenzi ndefu, nene, nyeupe. Ameikumbatia kama mtoto mchanga.

"Dada, matatizo yako yamekwisha. Hii inamvuta simba yuko huko, anakuja hapa. Unahesabu masharubu."

"Kidirisha chake kinafunguka kiasi gani?"

"Unauliza kidirisha? Inamuona simba! Itashindwa kumuona mtoto wa jirani?"

"Simba yuko juani, kaka. Mtoto wa jirani yuko ukumbini."

"Lenzi kubwa ni lenzi kubwa, dada. Usiwe mbishi."

Nikabishana mpaka nikachoka, nikaenda nayo Kibosho siku ya mazoezi, kaka akiwa ameishika kwa chini maana mimi mkono uliniuma. Loo! Nikiangalia ndani ya kamera naona shavu la mwamuzi, na shavu lenyewe ni jeusi kama ndani ya chungu. Nikijaribu kumtafuta mchezaji, amekwisha kuruka na kutua. Wasichana wakawa wanatucheka waziwazi. Lenzi ile ilitengenezwa kumsubiri mnyama aliyelala juani, na huku kwetu, kwa sababu tunaishi kwa wageni wa mlima na mbuga, tumefika mahali tunaamini kamera nzuri ni ile ya kuangalia mbali. Watu wa karibu tunaona tunawajua tayari. Kaka alirudi na mzigo wake, njia nzima akinilaumu kwamba nimeishika vibaya.

Kisha nikaenda dukani mjini. Kijana mwenye duka akanipokea vizuri sana, na mimi nikamwita mangi kama tunavyowaita wenye maduka huku, nikamweleza shida yangu yote: ukumbi, taa za mirija, mpira wa kasi, ngozi nyeusi. Akaitikia kila kitu. Akanitolea kamera mpya inayong'aa, akasema, "Hii mama ndiyo yenyewe. Inajua uso. Inang'arisha yenyewe hata kabla hujapiga."

"Naomba uizime hiyo sehemu."

"Kwa nini? Wateja ndiyo wanaifuata hiyo."

Akanipiga mimi ili nione. Nikajiona: mwanamke aliyepakwa unga wa ugali akiwa anashangaa. Mikunjo yangu ya macho, ambayo nimeihangaikia miaka yote kuipata, imefutwa. Nilimuuliza kama na mama yake mzazi amempiga kwa kitu hicho. Akasema ndiyo, na amefurahi. Nikamuuliza kama kwenye picha hiyo anamjua. Hakuelewa swali.

Nilikuwa nageuka kuondoka kwa hasira nilipoiona kabatini, nyuma ya chaja na mikanda, lenzi moja fupi nene yenye jicho kubwa. "Ile?"

"Aa, ile haivuti mama. Imekaa hapo muda. Ukitaka mtu awe karibu inabidi utembee mwenyewe."

"Nitatembea. Miguu ninayo."

Jicho lake lilikuwa linafunguka pana ajabu, ukiligeuza unaliona duka zima mle ndani. Nikaiweka kwenye kamera yangu ya zamani, nikampiga yeye mangi pale kwenye kona yake yenye kiza. Afadhali, tena afadhali sana, ila chenga zilikuwepo bado. Ndipo alipoitoa kamera nyingine, iliyotumika, imechubuka pembeni, ambayo sahani yake ya ndani inayopokea mwanga ni pana kuliko yangu. Nikampiga tena pale pale, ISO imepandishwa mpaka mahali ambapo kwangu pangekuwa mchanga mtupu. Nikaikuza picha kwenye kioo cha nyuma. Nikaona kovu dogo juu ya nyusi yake ambalo kwa macho sikuwa nimelitambua.

Nyumbani palikuwa na maneno. Kamera ile ilimaanisha kuuza flashi zangu zote, stendi za harusi, na yule mtamba niliyekuwa namfuga kihambani kwa mama, kwenye migomba kule juu, ambaye kila mtu alikuwa ameshamwona akitoa maziwa kichwani mwake. Kaka ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Ng'ombe wa maziwa! Kwa kamera imechubuka na lenzi isiyovuta! Kwa mtoto wa watu wa kuja!" Hapo ndipo aliponimaliza. Nikamwambia kama watu wa kuja wanamkera aache kuwabebea mabegi mlimani, maana hakuna mgeni anayezidi wale. Hakunisemesha wiki hiyo. Mtamba akaondoka na kamera ikaja.

Siku ya mechi mvua ilikuwa inanyesha vilevile, taa zinapepesa vilevile. Binti alikuja. Alivaa jezi yake akaingia uwanjani, lakini nikaona kitu kilichonikata maini: kila nilipoinua kamera aligeuza uso. Anaruka vizuri, anapiga vizuri, na akijua nipo upande huo anainamisha kidevu. Nahodha mzima, anayeogopewa na timu nzima ya upande wa pili, anajificha mbele ya kioo. Nilitamani kumwita yule mwalimu aje asimame hapo aone alichofanya.

Nikaacha kumwinda. Nikaenda kukaa chini kabisa, karibu na nguzo ya wavu, mahali ambapo lenzi isiyovuta ilinitaka niwe. Nikaipima kamera kwa ngozi yake, nikaugeuzia ukuta kisogo. Dirisha limefunguka lote, muda ni mfupi sana, mkono hauwezi kugeuka moshi. Nikasubiri. Mchezo ulipokaza akasahau kwamba nipo. Mpira ukainuliwa, akaja mbio, akaruka, na mimi nikabonyeza.

Wakati wa mapumziko mwalimu alikuja kuchungulia kioo cha nyuma kabla sijamwita. Kisha akasema, "Ukuta umeungua, mama. Umekuwa mweupe wote, hata madirisha hayaonekani."

"Acha uungue. Sikuja kupiga picha ukuta."

"Lakini yeye ametoka," akakubali, na akasogeza kichwa karibu zaidi. "Ametoka kweli. Hii tunaiweka kwenye bango, lile lingine tunalishusha." Nikaanza kumsamehe, nasema ukweli. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, ya kirafiki kabisa, "Ila mng'arishe kidogo tu. Apendeze."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Kumbe! Nimezunguka mji mzima, nimegombana na ndugu yangu wa tumbo moja, mtamba wangu yuko zizini kwa watu wengine, nikijua shida ni kidirisha na chokaa na taa za mirija. Na sasa uso wote upo pale, jasho kwenye paji, meno yameumana, jicho limefuata mpira, weusi wenyewe una mng'ao wake kwenye shavu na kivuli chake chini ya kidevu. Bado mtu anauona, tena anaukubali kwamba umetoka, na bado anautaka uwe mwingine. Hiyo lenzi ya kurekebisha jicho lake inauzwa duka gani? Nikafungua mdomo ili nimpe yote, kwa Kiswahili na kwa Kichagga, na parokia inisamehe.

Sikuwahi. Binti alikuwa amesimama nyuma yetu na chupa ya maji mkononi. Akanyoosha mkono, akaichukua kamera, akaitazama. Aliitazama kwa muda mrefu, mpaka mwamuzi akaanza kuwaita. Akagusa kioo kwa kidole, pale penye shavu lake, taratibu.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Mimi hapa nimeshatoka. Kama ni kuning'arisha, basi mniache nje kama mlivyoniacha."

Mwalimu akasema, "Aa, mimi nilikuwa natania." Binti alinirudishia kamera kwa mikono miwili, akaingia uwanjani, na kuanzia hapo sikuona tena kidevu kimeinama.

Bango jipya lilipotundikwa nilikwenda njia panda asubuhi na mapema nikiwa nimejiandaa kugomba, maana wachapaji nawajua, na mwalimu namjua zaidi. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari. Mama yake alikuwa amenitangulia. Alisimama chini ya bango na ndoo tupu mkononi, kanga kichwani kwa ajili ya manyunyu, watu wanampita huku na huku. Nilitazama juu haraka, nikatafuta kosa. Sikulikuta. Alikuwa pale katikati ya wenzake, mkono juu, na weusi wake wote, hawakumgusa.

Nikasimama pembeni ya mama yake nikamsalimu. Hakugeuka. Alikuwa ameishika kanga yake kichwani isimdondoke, macho yapo juu.

"Huyu," akasema, "huyu namjua."